Kunguni katika hoteli: aibu na sumu vinaumiza kuliko mdudu mwenyewe

Msafiri anayefika Butembo jioni akitoka Bunia, au anayeshuka kwenye boti asubuhi bandarini Bukavu, anajua maswali ya kuuliza kabla ya kulipa chumba. Bei ni ngapi? Maji yapo? Umeme unakatika saa ngapi? Pikipiki inaweza kulala ndani ya uzio? Swali moja tu halitoki mdomoni: je, kitanda kina kunguni?

Anayetaka kuliuliza anaogopa kuonekana mwenye majivuno. Anayeulizwa ana jibu moja tu: hapana. Basi mgeni analala, anaamka akijikuna, anachukua mzigo wake na kuondoka kimya. Msimamizi anabadilisha shuka, chumba kinapewa mtu mwingine. Na ndani ya mkoba wa yule aliyeondoka, mdudu mmoja au wawili wamekwisha kuanza safari.

Kunguni, ambao wengi mijini wanawaita kwa Kifaransa "punaises", hawaui mtu. Mpaka leo haijathibitishwa kwamba wanamwambukiza binadamu ugonjwa katika maisha ya kawaida. Lakini mambo mawili yanayowafuata yana madhara makubwa. La kwanza ni ukimya, unaowapa nafasi ya kuzaana. La pili ni haraka ya kumwaga sumu yoyote inayopatikana. Katika miaka ya karibuni sumu hiyo imeua wageni hotelini katika nchi nyingine. Mashariki mwa Kongo, ambako chupa za dawa zisizo na lebo zinauzwa sokoni kando ya sabuni na chumvi, funzo hilo linamhusu kila mwenye chumba cha kupangisha.

Barabara ndefu, vitanda vingi

Kunguni hana mabawa ya kurukia na haruki kama kiroboto. Anatembea, na zaidi ya yote anabebwa: ndani ya valizi, kwenye mikunjo ya blanketi, katika matela iliyouzwa tena, katika nguo za balo. Kwa hiyo anafuata njia za watu.

Na njia za watu mashariki zimekuwa ndefu. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, wakati mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, wengi waliokuwa wakipanda ndege wamelazimika kushika barabara. Wengine wanazunguka kupitia Rwanda na Uganda ili wafike Beni, Bunia au Kinshasa. Safari iliyokuwa ya saa chache imekuwa ya siku kadhaa, na kila usiku una kitanda chake. Hapo hapo kuna madereva wa malori kati ya Kasindi, Beni na Kisangani, wafanyabiashara wa Uvira na Kalemie, wanafunzi, wafanyakazi wa mashirika, na familia zinazosindikiza wagonjwa hospitali. Kitanda kimoja cha nyumba ya wageni kinaweza kupokea watu wa miji mitano katika juma moja.

Kuna pia wale ambao hawakuchagua kusafiri. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwanzoni mwa 2025, zaidi ya watu milioni 7 walikuwa wamehama makwao ndani ya nchi, wengi wao katika majimbo ya mashariki. Wengi hawako katika kambi. Wako katika familia zilizowapokea, watu wanne au watano kwenye matela moja. Penye miili mingi inayolala karibu karibu, kunguni anapata chakula bila kutembea mbali.

Ujenzi nao unamsaidia. Goma ina nyumba nyingi za mbao zilizosimama juu ya mawe ya volkano, na kuta za mbao zina mamia ya nyufa. Vitanda vinavyotengenezwa na mafundi wa kartie vina maungio, matundu ya misumari na mbao zisizopigwa randa upande wa chini. Mdudu mwembamba kama karatasi hahitaji nafasi zaidi ya hiyo.

Si ugonjwa wa maskini

Aibu inatokana na wazo moja lililoenea: kunguni ni wa watu wachafu. Ufaransa ilipata nafasi ya kulipima wazo hilo mbele ya dunia nzima.

Katika Septemba na Oktoba 2023, picha za kunguni kwenye viti vya treni na vya sinema za Paris zilizunguka kila mahali, miezi michache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya 2024. Katika televisheni moja, mtangazaji alifika mbali hadi kuuliza kama wahamiaji ndio walioleta wadudu hao. Lakini shirika la serikali la usalama wa afya, Anses, lilikuwa limekwisha kutoa ripoti yake Julai ya mwaka huo. Kati ya 2017 na 2022, nyumba 11 kwa 100 nchini Ufaransa zilikuwa zimewahi kuvamiwa, na ripoti haikuona uhusiano kati ya kipato cha familia na kuvamiwa. Tajiri na maskini waliumwa sawa. Tofauti ilikuja baadaye: kuwaondoa ni gharama kubwa, na asiye na feza anaishi nao muda mrefu zaidi. Anses ilikadiria kwamba familia za Ufaransa zilitumia wastani wa euro milioni 230 kwa mwaka kupambana nao.

Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili: watu wanasafiri sana, na wadudu wamezoea dawa. Hakuna kati ya hizo inayohusu uchafu. Kunguni hali takataka wala mabaki ya chakula. Anakula damu peke yake. Chumba kilichopigwa deki kila asubuhi kinaweza kuwa naye, na hoteli ya dola 100 inaweza kumpokea sawa na nyumba ya wageni ya dola 5. Usafi unasaidia kwa njia moja tu: chumba kisicho na vitu vingi kina maficho machache, na anayekisafisha anawaona wadudu mapema.

Kumtupia lawama mkimbizi wa ndani, mpangaji mpya au msafiri wa mbali kunarudia kosa la Paris, na kunawafanya watu wafiche zaidi.

Namna ya kumtambua

Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, kama mbegu ya tofaa. Ni bapa, wa rangi ya kahawia. Akishiba damu anavimba na kuwa mwekundu. Watoto wake ni wadogo na weupe karibu kama maji, ndiyo maana hawaonekani upesi. Yai lina milimita 1, jeupe, limegandishwa ndani ya ufa. Jike hutaga mayai machache kwa siku, lakini katika maisha yake yanafika mamia. Mayai huanguliwa baada ya juma moja au mawili, na mtoto anahitaji kunywa damu katika kila hatua tano za kukua kwake.

Anauma usiku, karibu na alfajiri zaidi, kwa dakika 5 hadi 10, kisha anarudi mafichoni. Mtu aliyelala hasikii kitu. Akikosa damu hafi upesi: anaweza kusubiri miezi, na mahali penye baridi anasubiri zaidi. Ndiyo sababu kufunga chumba mwezi mmoja bila mgeni hakutoshi.

Alama za mwilini si ushahidi kamili. Vipele vitatu au vinne vilivyopangana kama mstari kwenye mkono, shingo au mguu vinatia shaka, lakini mbu na viroboto pia wanaacha vipele. Kuna watu ambao ngozi yao haionyeshi chochote, na wengine wanaanza kuwashwa siku nyingi baadaye, wakiwa wamekwisha kufika nyumbani. Ndiyo maana mgeni wa juzi anaweza kulaumu kitanda cha leo. Na kuwashwa kunakokaa kati ya vidole, kunakoongezeka usiku, kunakowakamata watu wengi wa nyumba moja, kunaweza kuwa upele unaoitwa gale. Huo ni ugonjwa wa kutibiwa kwenye kituo cha afya. Hakuna dawa ya kupuliza kitandani inayoumaliza.

Ushahidi wa kweli uko kitandani. Torshi ya simu na dakika tano zinatosha. Inua shuka kwenye pembe za matela na fuata mshono wote pande zote mbili. Tazama madoa madogo meusi kama ncha ya kalamu: hicho ni kinyesi chake, damu iliyokwisha kusagwa. Ukilipitishia kitambaa chenye maji, doa linaenea rangi ya kutu. Tafuta maganda mepesi ya kahawia, madoa ya damu kwenye shuka, na wadudu wenyewe. Kisha tazama maungio ya kitanda, mbao za chini, matundu ya misumari, ubao wa kichwani, fundo la juu la mustikere, mikunjo ya rido, nyuma ya picha ukutani na pembeni ya prizi. Wakiwa wengi sana, chumba kinakuwa na harufu ya pekee, ya utamu uliochacha.

Dawa inayoacha mdudu na kuua mtu

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, DDT ilikaribia kumaliza kunguni katika nchi tajiri. Ushindi haukudumu. Mwaka 1947 tayari, katika kambi za jeshi la Marekani Pearl Harbor, walionekana kunguni ambao DDT haikuwaua. Baadaye zilikuja dawa za kundi la pairetroidi, zile zinazopatikana leo katika makopo mengi ya kupuliza na katika mustikere zenye dawa. Nazo zimezoeleka. Katika sehemu nyingi za dunia, Afrika ikiwemo, kunguni wanapuliziwa, wanatawanyika kwenye chumba cha jirani, na baada ya siku chache wanarudi.

Hapo ndipo mwenye hoteli anapokata tamaa na kutafuta kitu "kikali". Wauzaji wanacho. Kuna DDVP, yaani dichlorvos, katika chupa ndogo. Umoja wa Ulaya umeikataza kwa matumizi ya nyumbani, lakini inaingizwa humo kwa siri, na wakuu wa afya wa Ufaransa wametoa onyo kwa sababu ya watu walioumwa baada ya kuipuliza dhidi ya kunguni. Nigeria mwaka 2019 ilizuia uuzaji wa chupa zake ndogo masokoni. Kuna pia dawa za shamba, zilizopimwa kwa nyanya na kabeji, si kwa chumba kilichofungwa ambamo mtoto analala saa nane. Na kuna vidonge vya kuhifadhi mahindi na maharagi, vinavyotoa gesi ya fosfini vinapokutana na unyevu wa hewa.

Gesi hiyo haiheshimu kuta. Novemba 2025, familia moja iliyotoka Ujerumani, baba, mama na watoto wawili, ilikufa baada ya kulala katika hoteli ya Istanbul, Uturuki. Mara ya kwanza watu walidhani ni chakula cha barabarani. Uchunguzi wa kitaalamu ulielekeza kwenye sumu ya dawa iliyotumiwa hotelini dhidi ya kunguni, katika chumba kingine. Mwaka 2018, kule Hurghada, Misri, mume na mke kutoka Uingereza walikufa baada ya chumba kilichopakana na chao kupuliziwa dawa ya kunguni. Hakimu wa uchunguzi Uingereza alitoa uamuzi mwaka 2023: gesi ya kaboni monoksidi, iliyotokana na kemikali iliyochanganywa na dawa hiyo, ndiyo iliyowaua. Katika visa vyote viwili, waliokufa hawakulala katika chumba kilichotiwa dawa.

Hata kuta za matofali si kinga kamili. Nyumba ya wageni yenye kuta za mbao au dari moja lililounganisha vyumba vyote haina hata kinga hiyo.

Dalili za sumu za kundi la DDVP ni mate mengi, jasho, machozi, kutapika, mboni ya jicho kuwa ndogo sana, na kupumua kwa shida. Anayezionyesha anatolewa kwanza nje kwenye hewa, anavuliwa nguo zilizoloa dawa, anaoshwa kwa maji na sabuni, na anapelekwa hospitali pamoja na chupa yenyewe ili muganga ajue anatibu nini. Kumnywesha maziwa au mafuta na kusubiri ni kupoteza muda unaookoa maisha. Kwa fosfini ni vigumu zaidi: hakuna dawa ya kuipinga. Vidonge hivyo havifai kuingia katika nyumba wanamolala watu, hata kimoja.

Petroli na esanse zinazopakwa kwenye mbao za kitanda zina hatari nyingine, ya moto, katika vyumba ambamo mshumaa bado unawashwa umeme ukikatika.

Mustikere inalaumiwa bure

Madhara mengine yanapita kimya. Familia nyingi zinaona kunguni wamejificha kwenye mikunjo ya mustikere, na zinaamua kwamba mustikere ndiyo iliyowaleta. Nyingine zinasema: zamani ilikuwa inaua kunguni, leo haiwaui, basi dawa yake imekufa. Mustikere inakuwa wavu wa kuku au uzio wa bustani.

Watafiti wanajua jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu eneo la Muheza, Tanzania, ulionyesha kwamba kunguni wa nchi za joto katika nyumba zenye mustikere za dawa walikuwa wamezoea pairetroidi. Mwaka 2024, wanasayansi wa chuo kikuu cha North Carolina State, Marekani, walipitia maandishi mengi ya aina hiyo na kuonya kwamba watu wanaacha mustikere kwa sababu wanaona wadudu wa nyumbani wamerudi, hata kama bado inawakinga na mbu.

Kwa Kongo, kosa hilo ni la gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba nchi hii peke yake ina karibu wagonjwa 12 kwa kila 100 wa malaria duniani. Ni Nigeria tu inayoizidi. Kunguni haambukizi malaria. Mbu ndiye anayeambukiza. Mustikere yenye kunguni inakung'utwa juu ya beseni la maji ya sabuni, inafuliwa kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, inaanikwa kivulini, kisha inarudi juu ya kitanda. Kuichemsha au kuianika juani kunaharibu dawa yake.

Kinachofanya kazi

Silaha bora dhidi ya kunguni haina sumu: ni moto. Anaweza kuzoea dawa, hawezi kuzoea maji yanayochemka. Joto la nyuzi 50 na kuendelea, likidumu na kufika mpaka ndani, linamuua pamoja na mayai yake. Kinachohitajika ni mpango na subira, vitu ambavyo nyumba ya wageni ndogo inaweza kuwa navyo.

Hatua ya kwanza ni kufunga chumba na kutohamisha kitu. Kosa la kawaida ni kupeleka matela ya chumba nambari 4 katika chumba nambari 7 ili "ipumzike". Hapo vyumba viwili vimeshavamiwa. Vyumba vya kulia na kushoto, vya juu na vya chini, vinakaguliwa siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili ni vitambaa. Shuka, foronya, blanketi na rido vinawekwa ndani ya sashe iliyofungwa tangu chumbani, si kubebwa mikononi kupitia ukumbi. Vinafuliwa kwa maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi. Penye sufuria kubwa na makaa, vinachemshwa. Pasi ya makaa inapitishwa polepole kwenye mishono.

Hatua ya tatu ni kitanda. Kinafunguliwa chote, kinasuguliwa kwa brashi ngumu kwenye kila ungio, kinamwagiwa maji yanayochemka nje ya nyumba, kinaachwa kikauke. Nyufa za mbao na za ukuta zinazibwa kwa gundi ya mbao, simenti au masitiki. Kitanda cha chuma kina maficho machache kuliko cha mbao, ingawa mirija yake iliyo wazi nayo inahitaji kuzibwa.

Matela ndiyo ngumu zaidi. Kuianika juani peke yake kunadanganya. Bukavu na Goma ziko kwenye mita karibu 1.500 juu ya bahari, Butembo juu zaidi. Jua la huko linapasha uso wa matela, wadudu wanaingia ndani au wanahamia upande wa kivuli. Njia ya uhakika zaidi ni kusugua mishono, kuipiga pasi yenye joto kali kupitia kitambaa chenye maji ili mvuke uingie, kisha kuifunika matela yote kwa plastiki nzito isiyo na tundu, iliyofungwa kwa skochi, na kuiacha hivyo kwa miezi mingi, hata mwaka. Walio ndani wanakufa njaa, walio nje hawana pa kuingia. Plastiki iliyopasuka ni maficho mapya.

Mwisho, kitanda kinasogezwa mbali na ukuta, shuka zisiguse sakafu, na kila mguu unasimamishwa ndani ya kopo lenye maji ya sabuni. Kopo tupu halitoshi: kunguni wa nchi za joto anaweza kupanda plastiki laini kuliko ndugu yake wa Ulaya.

Kazi yote inarudiwa baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa, na tena mara ya tatu. Chumba hakifunguliwi kwa wageni kabla ya majuma kadhaa kupita bila alama mpya. Ikiwa dawa ni lazima, inawekwa na mtu aliyefundishwa, kwa bidhaa yenye lebo inayosomeka, nyumba ikiwa tupu, vyumba jirani vikiwemo, na hewa ikipitishwa kabla ya mtu kurudi. Matela isiyookoleka inachanwa kabla ya kutupwa; ikitupwa nzima, jioni itakuwa kitandani kwa mtu mwingine.

Msafiri naye ana sehemu yake

Mgeni anayekagua kitanda kabla ya kufungua mzigo hamkosei mwenye nyumba heshima. Mkoba unawekwa juu ya meza au kwenye msumari mbali na ukuta, si juu ya kitanda, wala chini yake. Nguo zinabaki ndani ya sashe. Akiona alama, anapiga picha, anaita msimamizi pembeni na kuomba chumba kingine kisichopakana na kile. Akifika nyumbani, mzigo unafunguliwa nje au juu ya sakafu ya simenti, nguo zinachemshwa, mishono ya mkoba inakaguliwa na kusuguliwa.

La muhimu zaidi ni kusema. Mwenye hoteli asiyeambiwa hawezi kufanya kitu, na mara nyingi wa kwanza kujua ni mama anayesafisha vyumba. Ikiwa kila anayeripoti anatukanwa au anakatwa mshahara kwa "kuharibu jina", atanyamaza. Daftari moja kwenye mapokezi, lenye nambari ya chumba, tarehe na kilichoonekana, linagharimu kidogo kuliko matela kumi mpya.

Nani anakagua?

Kila moja ya zoni 519 za afya za nchi ina watu wa usafi wa mazingira, na idara za utalii za majimbo zinahusika na hoteli. Kwa karatasi, wakaguzi wapo. Lakini vita, mshahara usiofika na magonjwa yanayoua, kipindupindu, surua, mpox, vinawachukua nguvu zote. Hakuna atakayeshangaa kunguni wakiwa mwisho wa orodha.

Bado kuna mambo ambayo hayangoji bajeti kubwa. Ziara ya ukaguzi inaweza kuanza kwa torshi na matela badala ya kuishia kwenye makaratasi ya taksi. Vyama vya wenye hoteli vinaweza kukubaliana kwamba chumba kinachofungwa kwa sababu ya kunguni ni alama ya hoteli inayojiheshimu. Watu wa usafi wa zoni wanaweza kufundisha wafanyakazi wa vyumba kwa asubuhi moja tu. Na uuzaji wa sumu bila lebo sokoni ni jambo ambalo wakuu wa mji, upande wowote wanaotawala, wanaweza kulizuia kabla ya familia moja kutolewa chumbani asubuhi ikiwa maiti.

Hoteli ya kesho haitatambulika kwa kusema haijawahi kuona kunguni, kwa maana karibu kila nyumba inayopokea watu itawaona siku moja. Itatambulika kwa msimamizi anayesema: chumba hicho tumekifunga, tunakitibu, chukua hiki kingine, na torshi hii hapa, kagua mwenyewe.